Betri inayocheza bao usiku

Msomaji wetu mmoja wa Ikungi, mkoani Singida, ametuletea swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima. Alinunua paneli ya wati 100 na betri ya gari, ile ya N70, kwa fedha ya alizeti ya msimu mzima. Miezi ya mwanzo nyumba iling'aa. Leo, baada ya mwaka mmoja na miezi miwili, ikifika saa mbili usiku taa zinafifia na televisheni inazima yenyewe. Jirani yake ana kisanduku kisichozidi unene wa kamusi, alichokilipia kidogo kidogo kwa simu. Kinaingia mwaka wa nne sasa na taa zake nne zinakesha. Anauliza: je, aliuziwa betri bandia?

Huenda betri yake ilikuwa halisi kabisa. Ilipewa kazi isiyo yake.

Habari za paneli nitazipita. Jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye silikoni imeelezwa mara nyingi, tena paneli siyo inayommaliza mtu wa kipato kidogo. Ikishafungwa juu ya bati hukaa miaka 20 na zaidi. Kinachommaliza ni betri. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam na kuahidi kufikisha umeme kwa watu milioni 300 ifikapo 2030. Wengi kati ya hao wanaishi mahali ambapo nguzo na nyaya hazitafika upesi, na taa yao ya kwanza itawashwa na sola. Kwa hiyo swali la ndugu yetu wa Ikungi ni la watu wengi mno.

Niliwahi kuona betri ya maji kama hiyo yake, iliyokufa, ikiwa imepasuliwa. Fundi mmoja wa Temeke, akiwa amevaa glavu nene, alinionyesha mabamba ya risasi yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Bamba moja lilitakiwa liwe la kijivu na la pili la rangi ya kahawia iliyokolea. Yote mawili yalikuwa yamevaa utando mweupe, kama chumvi inayobaki kwenye sufuria iliyochemshiwa maji ya bahari. Alikwaruza kwa bisibisi. Haukutoka.

Utando ule ni salfeti ya risasi. Betri ya risasi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, kila inapotoa umeme hula mabamba yake yenyewe: risasi inaungana na tindikali na uso wa bamba unageuka salfeti. Ukiichaji, salfeti inayeyuka na risasi inarudi. Salfeti changa ni laini kama chumvi ya mezani, haikawii kuyeyuka. Lakini iache betri tupu usiku kucha, kisha siku mbili za mawingu zifuate, chembe zile zinashikana na kukua mpaka zinakuwa chumvi ya mawe ambayo chaji ya paneli haiwezi kuiyeyusha tena. Betri ya gari ina mabamba mengi membamba ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu ijazwe papo hapo gari likitembea. Kuikamua mpaka tone la mwisho kila usiku ni kuiua polepole.

Sasa tuje kwenye kisanduku cha jirani. Kimoja kama hicho kilifunguliwa mbele yangu. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya mviringo vilivyovikwa plastiki ya buluu, kila kimoja cha volti 3.2. Ni betri za lithiamu na fosfeti ya chuma. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana katika sayansi yote ya umeme sijakutana na jambo linalonipendeza kuliko hili.

Ndani ya betri hii hakuna bamba linaloliwa. Ioni za lithiamu huingia kati ya matabaka ya maada nyingine, hukaa, kisha hutoka, na nyumba zilimolala inabaki vile vile. Wanakemia wana jina la tendo hilo, ila Kiswahili hakijakubaliana. Nimeona mahali wameandika "upenyezaji", na neno hilo silipendi: kupenyeza kuna harufu ya rupia na magendo. "Uingiliaji" nao unaleta picha ya ugomvi. Napendekeza "mpachiko". Mtu hupachika ua kwenye nywele asubuhi na jioni akalipachua, nywele zisidhurike wala ua lisidhurike. Tena angalia lugha yetu ilivyo na akili: pachika ina kutendua kwake, pachua, kama funga na fungua, kama ziba na zibua. Tendo zima la betri hii limo ndani ya jozi hiyo ya vitenzi. Salfeti ya risasi inayo jozi yake pia, ganda na gandua, lakini kila mwenye sufuria anajua kwamba ukoko uliokaa sana haugandukii maji.

Ili kuona mpachiko unavyokwenda, fikiria bao. Babu yangu kule Pangani alikuwa na bao la mninga, mashimo 32, kete 64 za komwe, na lilichezwa barazani kila jioni tangu kabla sijazaliwa. Kete zilitoka upande huu zikaenda upande ule, zikatekwa, zikarudi. Ubao haukupungua hata unyuzi. Sisi watoto tulicheza kwa kuchimba mashimo mchangani, na kila mchezo ulipokwisha mashimo yalikuwa yamebomoka, tukachimba upya, mpaka mahali pale pakawa shimo moja kubwa lisilochezeka. Betri ya risasi ni bao la mchangani. Betri ya lithiamu ni lile la mninga.

Pande mbili za bao letu ni hizi. Upande mmoja ni madini ya kinywe, yale yale yanayopatikana Mahenge na Ruangwa: matabaka ya kaboni yaliyolaliana kama karatasi, ambapo kila kaboni sita hupokea kete moja ya lithiamu. Upande wa pili ni fosfeti ya chuma, fuwele yenye vijia vyembamba vilivyonyooka, na kete hupita humo kwa mstari mmoja kama watu kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe. Mchana paneli ndiyo mchezaji. Inasukuma kete zote kutoka upande wa chuma mpaka upande wa kinywe, zikajaa. Usiku kete zenyewe zinatamani kurudi kwao. Lakini kuna sheria moja, na sheria hiyo ndiyo inayowasha taa. Kila kete inapovuka katikati ya bao, elektroni yake hairuhusiwi kuvuka nayo. Lazima izunguke nje, kupitia waya, na njiani ipite kwenye taa ya sebuleni, kwenye redio, kwenye simu inayochajiwa, ndipo ikutane na kete yake ng'ambo. Mtoto anasoma kitabu chake kwa safari hiyo. Asubuhi bao linapangwa upya.

Na ubao? Upande wa kinywe unavimba kidogo kete zikijaa, upande wa chuma unasinyaa kwa karibu asilimia 7 zikiondoka, kama mlango wa mbao unavyovimba masika na kulegea kiangazi. Chuma hakihami. Kinaachia elektroni moja kete inapotoka na kuipokea tena inaporudi. Fosforasi imeikamata oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba hata betri ikipata joto kali si rahisi oksijeni hiyo iachiliwe kuchochea moto, tofauti na betri nyingi za lithiamu zenye kobalti. Kwa nyumba ya makuti hilo si jambo dogo.

Maada hii ilitangazwa mwaka 1997 na Akshaya Padhi na mwalimu wake John Goodenough, katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Goodenough alikuwa na miaka 74 wakati huo. Mwaka 2019, akiwa na miaka 97, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na wenzake wawili kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Mwanzoni fosfeti ya chuma ilipitisha umeme kwa shida sana. Waliofuata waliipaka kila chembe utando mwembamba wa kaboni, mithili ya masizi, na tatizo likapungua. Chuma, fosfeti, masizi. Fosfeti tunaijua sisi, inachimbwa Minjingu kwa ajili ya mbolea. Ni maada za kawaida, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyosaidia bei ya betri za lithiamu duniani kushuka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 2010 na 2024.

Betri ya namna hii, ikitengenezwa vizuri, huvumilia kujazwa na kukamuliwa mara 2,000 na zaidi. Hesabu: usiku mmoja, mara moja. Ni zaidi ya miaka mitano. Hapo ndipo kemia inapokutana na mfuko wa mkulima. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza biashara ya sola ya mkopo Kenya mwaka 2012, mteja alitoa kianzio, kisha shilingi 40 za Kenya kwa siku kupitia M-Pesa, kiasi anachoweza kukipata hata mtu anayeishi kwa kibarua. Mkopo wa aina hiyo unawezekana tu kama kitu kinachokopeshwa kinaishi kuliko deni lake. Nani atalipa mwaka wa pili kwa betri iliyokufa mwaka wa kwanza? Kweli, jumla ya malipo huzidi bei ya taslimu na asiyelipa huzimiwa, na kete chache hupotea kila mwaka. Lakini familia inayomaliza deni mwaka wa pili ina miaka mitatu ya mwanga usiodaiwa.

Kwa ndugu yetu wa Ikungi: azima testa, upime betri yako alfajiri, taa zote zikiwa zimezimwa muda. Ikisoma volti 12.6 imejaa. Ikisoma 12.2 umeshatumia karibu nusu yake, usiendelee kuikamua. Ikiwa hata baada ya jua la siku nzima haifiki 12, mpelekee mnunuzi wa betri chakavu ikiwa haijafunguliwa, na tindikali yake usiimwage uani wanakocheza watoto. Ukienda kununua nyingine, kabla ya kuuliza bei, igeuze usome kibandiko. Kikiwa na herufi LFP, au LiFePO4, ndiyo hiyo ya lithiamu na fosfeti ya chuma. Muuzaji akishindwa kukuambia ndani mna nini, rudi na fedha yako nyumbani.