Upupu na Ngozi Yako

Mvua ikikwisha hapa kwetu Fizi na Baraka, kama mwezi wa sita hivi, utaona mama anarudi kutoka shambani akijikuna shingo na mikono kama mtu aliyeingiliwa na siafu. Mmoja anasema ni ugonjwa wa damu. Mwingine anasema jirani amemfanyia kitu. Mara nyingi ni upupu tu.

Upupu ni mmea wa kutambaa, ndugu ya maharagwe. Unapanda juu ya vichaka pembeni ya njia na katika mashamba yaliyoachwa. Kila jani lina vijani vitatu. Maua yake ni ya zambarau, yananing'inia kwa vishada. Maganda yamepindika, marefu kama kidole, nayo yamefunikwa na manyoya ya kahawia. Hayo manyoya ndiyo adui. Ganda likikauka, upepo kidogo unayapeperusha, na mtu aliyepita tu bila kugusa kitu anashikwa.

Kila unyoya ni kama sindano ndogo sana. Unachoma ngozi na kuacha humo kitu kikali kinachokata protini na kuamsha mishipa ya fahamu. Wengi wanasema ni aleji, lakini si sawasawa. Aleji ni mwili wa mtu mmoja kukataa kitu ambacho jirani yake anakivumilia. Upupu hauchagui mtu! Ndiyo sababu vidonge vya aleji havisaidii sana hapa. Usimalize feza yako kuvinunua.

Sasa, mama, ufanye nini? Usijikune wala usijisugue, maana ukisugua unaingiza manyoya ndani zaidi na kuyapeleka mahali pengine. (Najua ni vigumu. Hata mimi nilijikuna.) Vua nguo polepole. Bandika sparadra juu ya ngozi, kisha uivute. Rudia mara nyingi kwa kipande kipya. Kama sparadra haiko, bonyeza kipande cha bugali kilichopoa, nacho ukitupe chooni, watoto na kuku wasikiguse. Halafu oga kwa maji mengi na sabuni. Nguo uzifue peke yake. Usipake udongo juu ya ngozi iliyochubuka: pepopunda inapita hapo.

Jicho ni jambo lingine kabisa. Watoto wa shule wanarushiana upupu kwa mchezo, walimu mnajua. Ukiingia jichoni, mtoto asipikiche. Mwagie maji safi robo saa nzima, kisha umlete hospitali siku ileile, hata kama amenyamaza kulia. Na mtu yeyote akianza kupumua kwa shida, asingoje kesho.

Neno moja juu ya mbegu. Wakati wa kukimbia vita mtu huokota chochote ale. Huko Msumbiji mwaka 1989, katika vita na njaa, watu walikula mbegu za upupu, na wengi wakachanganyikiwa akili, kwa sababu zina dawa inayofanya kazi katika ubongo. Si maharagwe ya chungu chako.

Ukitaka kuuondoa shambani, ukate ukiwa na maua, kabla ya maganda. Umechelewa? Basi nenda asubuhi na mapema, umande ungali juu yake, manyoya hayaruki. Vaa mikono mirefu, na usimame upande upepo unakotoka.