Mlango wa Gari Ashtakiwa Kipsing

Ketini hapa kwenye kivuli cha mgunga, wapwa zangu. Leo nina kesi ya kuwasimulia. Mshtakiwa si mwizi wa mifugo. Si fisi aliyevunja zizi. Mshtakiwa ni mlango wa gari.

Kesi ilianza hivi. Ulikuwa mwezi wa Februari, laga la Kipsing limekauka, mchanga mtupu. Upepo unavuma mpaka midomo inapasuka. Land Cruiser ikafika kutoka Isiolo mjini, imejaa watu na magunia ya unga. Watu wakaanza kushuka. Wa kwanza akagusa mlango. Tak! Akaruka. Wa pili akagusa mlango. Tak! Wa tatu, mama aliyebeba mtoto mgongoni, naye akagusa. Tak! Akapiga kelele: "Gari hili lina stima!"

Basi Mlango akakamatwa, akapelekwa barazani.

"Mjomba, mlango unaongea?"

Katika kesi yangu unaongea. Sikiliza tu.

Mlango akasimama mbele ya wazee. "Wazee wangu," akasema, "mimi ni bati lililopakwa rangi. Sina kosa. Hawa ndio waliokuja na stima mwilini mwao, wakanipiga nayo. Mbona hakuna anayeuliza kama mimi niliumia?"

Wazee wakacheka. Lakini mzee mmoja hakucheka. Akasema, "Mwiteni Kiti."

Kiti akaja, bado amevaa ile nailoni ya dukani ambayo wenye magari hawapendi kuitoa hata miaka ipite. (Mimi ningeitoa siku ya kwanza. Inatoa watu jasho, halafu ngojeni msikie mambo yake mengine.) Kiti akasema, "Wazee, barabara ile ni ya mitikisiko. Abiria akitikisika, sweta yake inanisugua. Akigeuka kuongea na mwenzake, inanisugua. Nasuguliwa njia nzima. Na tukisuguana, kuna vitu vidogo vinahama kati yetu."

"Vitu gani, Mjomba?"

Umeuliza vizuri sana. Watu wazima wengi hupigwa, wakasonya, wakaenda zao bila kuuliza. Vitu hivyo vinaitwa elektroni. Kila kitu kina elektroni. Shuka yako inazo. Pembe ya ng'ombe inazo. Pua yako inazo. Ni ndogo mno, hata hadubini ya shule haizioni. Siku zote kila kitu kina zake za kukitosha, nacho kimetulia. Lakini vitu viwili vya aina tofauti vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Kimoja kimezidiwa, kingine kimepungukiwa. Stima ya namna hiyo, inayokaa mahali pamoja bila kutiririka kwenye waya, vitabu vyenu vya sayansi huiita umemetuli.

Sasa fikirieni zizi la mabeberu watupu. Hakuna jike hata mmoja. Beberu hampendi beberu mwenzake. Kila mmoja anataka kukaa mbali na wengine, na zizi limejaa pomoni. Wanapigana pembe, wanausukuma ua wa miiba, wanatafuta mwanya. Elektroni ndivyo zilivyo. Hazipatani. Zikirundikana mwilini mwako, zote zinatafuta pa kutokea. Na bati la gari ni kubwa, lina nafasi tele. Kidole chako kikilikaribia, mwanya umepatikana. Mabeberu hawangoji tena. Wanatoka wote kwa mpigo mmoja, wanaruka hata kabla hujagusa vizuri. Tak!

"Na kama ni mimi niliyepungukiwa?"

Aa, huyu mtoto! Basi zitaruka kutoka kwenye bati kuja kwako. Tak ni ile ile, na uchungu ni ule ule.

Mzee akamgeukia Kiti tena. "Kama mnasuguana njia nzima, mbona abiria hapigwi akiwa amekaa?"

Hilo ndilo swali lililoigeuza kesi. Kiti akajibu taratibu. "Mzee, akiwa amenikalia tuko karibu sana. Yeye amezidiwa, mimi nimepungukiwa, basi ziada yake inavutwa na upungufu wangu. Zimeshikana, hazina haja ya kwenda mbali. Wakati wa kushuka ndipo anapoinuka na kututenganisha. Anaondoka na mzigo wake wote, na mimi sipo tena kuushikilia. Msukumo unapanda ghafla. Halafu anaweka mguu chini, ananyosha mkono kuufunga mlango..."

"Tak!" wakasema watoto wote waliokuwa wamejificha nyuma ya wazee.

Akaitwa Sweta. Sweta ya nyuzi za kiwandani, si ya pamba. Huyu hakujitetea. Alikiri. Nyuzi za akriliki na poliesta hazipitishi stima, kwa hiyo zikiipata zinaikalia. Nanyi mnamjua Sweta. Mvueni usiku wa kiangazi, taa imezimwa, mtasikia vimlio vidogo vidogo, na mkitazama vizuri mtaona cheche za buluu. Jaribuni leo usiku. Pamba haina vituko vingi hivyo, kwa sababu hufyonza unyevu.

Viatu wakaitwa pia. Raba za plastiki zilikiri upesi: soli yao ni kizuizi, stima iliyo mwilini haiwezi kushuka ardhini kupitia kwao. Ndipo Akala akainua mkono. Mnamjua Akala, ndala iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. "Mimi ni mtoto wa Tairi," akasema, "na baba yangu ana neno la kusema."

Tairi akajiviringisha mbele. Mzito, mweusi tititi. "Wazee, mnajua kwa nini mimi ni mweusi? Raba inayotoka kwenye mti haina weusi huu. Viwandani hunichanganya na masizi laini kabisa. Masizi hunipa nguvu nisilike upesi. Tena masizi hupitisha stima, si kwa kasi kama waya wa shaba, ila polepole. Gari likisimama, stima yake hushuka ardhini kupitia kwangu. Wale wanaofunga mnyororo nyuma ya gari uburuzwe barabarani, wakidhani watapona tak, wanachosha mnyororo bure. Shida haiko kwenye gari. Iko kwa mtu anayeshuka."

Kwa hiyo huenda mzee aliyevaa akala akapigwa kidogo kuliko kijana wa raba mpya. Hilo ningependa mlichunguze wenyewe, mkaniambie.

"Mjomba, mbona mvua ikinyesha hakuna tak?"

Hapo akaitwa shahidi wa mwisho, Kiangazi. Kipsing tunamjua mno. Anakuja Januari na Februari, anarudi tena kuanzia Juni mpaka mvua za vuli za Oktoba. Akasema, "Hewa ikiwa na unyevu, kila kitu hupata utando mwembamba wa maji ambao jicho haliuoni. Uko kwenye kiti, kwenye sweta, kwenye ngozi. Kupitia utando huo stima huvuja yenyewe, kidogo kidogo. Mimi nikija naukausha wote. Hakuna pa kuvujia."

Kama humwamini Kiangazi, chukua kalamu ya plastiki. Isugue kwenye nywele kavu, kisha ilete karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitairukia. Fanya hivyo Februari, ufanye tena Aprili mvua ikinyesha. Aprili kalamu yako itakuwa mvivu kweli.

Sasa kuna mtoto mmoja hapa nyuma ananiangalia kwa jicho la mashaka. Haya, sema.

"Mjomba, hiyo tak ina volti ngapi?"

Nyingi. Mtu huanza kuihisi ikifika kama volti 3,000. Ukishuka garini siku kavu, unaweza kuwa umebeba 10,000 na zaidi.

"Lakini mwalimu alisema stima ya nyumbani ni volti 240, na inaua!"

Hongera! Ningekuwa na mbuzi wa ziada ningekupa. Mwalimu alisema kweli, nami nasema kweli. Sikiliza. Volti ni ule msukumo: mabeberu wanausukuma ua kwa hasira kiasi gani. Lakini msukumo si hesabu ya mbuzi. Mwilini mwako mna zizi dogo. Wana hasira kali, ndiyo, ila wakishatoka wametoka. Tak inakwisha hata kabla ya wewe kusema "ai". Waya wa nyumbani msukumo wake ni mdogo, lakini nyuma yake kuna kundi lisilokwisha, linaloletwa kutoka mitambo ya mbali. Linapita mwilini, linaendelea kupita, na moyo unapoteza mwendo wake. Ndiyo maana tak ya gari inakushtua tu, na waya ulio wazi usiuguse kamwe.

Radi je? Radi ina vyote viwili, msukumo na kundi. Nayo ni jamii moja na tak yenu. Mwaka 1752 Mmarekani Benjamin Franklin alirusha tiara kwenye wingu la mvua, akaonyesha kuwa radi ni stima ile ile ya cheche ndogo. Msimuige. Wengine waliojaribu mambo ya namna hiyo walikufa.

Turudi kwa wazee, wameanza kutafuta ugoro. Hukumu ikatolewa: Mlango hana hatia. Lakini mama mwenye mtoto hakuridhika. "Hana hatia, sawa. Mimi nitashukaje kesho bila kupigwa?"

Mlango mwenyewe akaomba kumfundisha. "Mama, usiinuke kwanza. Ukiwa bado umekaa, nishike. Usishike mpini wa ndani, huo ni plastiki. Shika ukingo wangu wa bati. Au shika kile chuma kilichopinda kama kwato, kilicho kwenye nguzo ya gari, pale komeo langu hukamatia. Hakina rangi, kinang'aa. Kishike, inuka ukiwa umekishika, weka mguu wa kwanza chini, weka wa pili, ndipo uachie."

"Kwa nini nisiachie mapema?"

"Kwa sababu unapoinuka ndipo stima inapojitokeza. Ukiwa umenishika, lango liko wazi tangu mwanzo. Beberu wa kwanza anatoka, wa pili anatoka, hakuna msongamano. Hutasikia kitu."

Mama akajaribu. Akashika, akainuka, akashuka. Kimya. Akapanda tena, akashika, akainuka, akashuka. Kimya. Akapanda mara ya tatu, mpaka dereva akamwambia, "Mama, sasa hiyo ni nauli."

"Na mtu akisahau, Mjomba, akajikuta tayari yuko chini?"

Asinyoshe ncha ya kidole. Ncha ni mahali padogo, uchungu wote unakusanyika hapo. Achukue ufunguo, aukaze vizuri mkononi, aguse bati kwa ufunguo. Cheche itarukia ufunguo. Mkononi stima itasambaa kwenye kiganja kizima na hataihisi. Akitaka kupunguza shida tangu mwanzo, aifute ile nailoni kwa kitambaa chenye maji, au afadhali aitoe, na avae pamba safarini. Kujipaka mafuta mikononi nako kunasaidia, ngozi isikauke kama gamba.

Mpaka hapa mmecheka, na mimi nimecheka. Sasa acheni kucheka kidogo, nina jambo la petroli.

Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ndogo mno, ndogo kuliko ile tak iliyomrusha mama. Katika nchi ambako watu hujijazia mafuta wenyewe, kama Marekani, imewahi kutokea mtu akaweka bomba kwenye tangi, akarudi kukaa kitini, akatoka tena akalishika bomba, moto ukalipuka. Kwa hiyo mafuta yakitiwa, asiyeshuka asishuke, na aliyeshuka asirudi kukaa hadi kazi iishe. Na anayetaka kulishika bomba aguse kwanza bati la gari, mbali na mdomo wa tangi.

Huku kwetu hatari iko zaidi kwenye mitungi. Mtu anakwenda Isiolo, mtungi uko nyuma ya pikapu, juu ya plastiki, anasema, "Jaza hapo hapo." Hapana. Petroli ikitiririka hutengeneza stima, na mtungi ulio juu ya plastiki hauna pa kuishusha. Mtungi uwe uliotengenezewa petroli, si ule wa mafuta ya kupikia. Uteremshwe. Uwekwe chini, ardhini. Mdomo wa bomba uguse mdomo wa mtungi, petroli iingie polepole. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, lakini mtoto anaweza kusema, "Baba, tuuteremshe kwanza."

Lori la mafuta nalo linajua. Likifika kituoni Isiolo, tazameni kwa mbali. Kabla ya kumimina, dereva anatakiwa kubana waya kwenye chuma cha lori, waya unaokwenda ardhini. Hapo anafungua lango kwa upole kabla ya mabeberu kukasirika.

"Na ndege, Mjomba? Ndege haina ardhi ya kushushia!"

Nilijua utauliza. Ndege inasuguana na hewa, vumbi na mawingu, inajaa stima kweli kweli, na huko juu hakuna ardhi. Basi siku ukiwa karibu na uwanja wa ndege wa Isiolo, tazama kingo za nyuma za mabawa, kule karibu na ncha. Ndege nyingi zina vijiti vyembamba hapo, kama manyoya ya mkia wa kuku. Wengi hudhani ni vya kuchezea upepo. Stima huvujia hewani kupitia ncha zake, njia nzima, rubani akiwa anaendelea kuzungumza na mnara.