Dungusi Barazani: Namna ya Kuitunza, na Neno Juu ya Vipande Vyake



Ukipita vijijini siku hizi utaona katika baraza za nyumba nyingi, kando ya waridi na maua mengine, kopo la rangi au ndoo iliyotoboka, na ndani yake mmea mnene wa kijani usio na majani, wenye miiba tu. Ni dungusi kakati. Ile aina yenye vipande bapa kama viganja vya mkono huitwa mpungate. Watu huipenda kwa kuwa haina madai mengi: mwenye nyumba akienda msibani wiki mbili, akirudi huikuta kama alivyoiacha. Hata katika mapango ya Mama Bikira Maria twaiona imepandwa kati ya mawe.

Basi leo napenda tuzungumze juu ya mmea huu, namna ya kuupanda na kuutunza. Zaidi ya hayo liko jambo moja ambalo wengi hawaliangalii, nalo ni mahali pa kutupa vipande ukisha kuukata. Laonekana jambo dogo. Lakini mbuzi na ng'ombe wa watu wamekufa kwa ajili yake.

Kwanza tuutambue. Wengi huchanganya dungusi na mnyaa, au na ule mti mkubwa wa porini wenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa. Si jamaa moja. Ukichuna mnyaa hutoka utomvu mweupe kama maziwa, nao ni mkali sana. Ukimwingia mtoto jichoni waweza kumwumiza vibaya. Mpungate ukiukata hutoa ute wa kuteleza kama wa bamia. Tena tazama miiba. Katika ule mti wa porini hukaa miwili miwili. Katika dungusi huota kadhaa pamoja, kutoka katika kivimbe kidogo chenye manyoya kama pamba. Mnyaa wa kwetu hauna miiba kabisa. Mzazi mwenye watoto wadogo na ajue tofauti hizi.

Asili ya dungusi ni Amerika, hasa Meksiko na nchi za kusini yake, kama vile mkonge, ambao nao ulitoka huko na kuletwa Tanga mwaka 1893. Katika jamaa yote ya dungusi ni aina moja tu inayoota Afrika yenyewe bila kuletwa na mtu: ni nyembamba kama kamba, haina miiba ya kuchoma, nayo huning'inia juu ya miti katika misitu yenye mvua. Wakata kuni wengi wameiona wasijue ni ndugu ya ule mmea wa barazani.

Huko kwao jangwani mvua hunyesha mara chache, kisha hukaa miezi isinyeshe. Mwenyezi Mungu ameupa mmea huu akili yake. Majani yamegeuka kuwa miiba, ili maji yasipotee. Shina limenenepa likawa ghala la maji, nalo limefunikwa ngozi ngumu yenye nta. Mimea yetu mingi, kama mahindi na maharage, hufungua vitundu vyake mchana ili ivute hewa, na hapo jua huinyang'anya maji. Dungusi hufunga vitundu vyake mchana kutwa, hufungua usiku kukiwa baridi. Ukilielewa hili umekwisha kuelewa nusu ya utunzaji, maana mmea uliojiwekea akiba hivyo haupendi kunyweshwa kila siku kama mchicha. Dungusi nyingi zinazofia majumbani huuawa na maji, tena na mtu mwenye huruma nyingi.

Sasa namna ya kupanda. Chukua kopo au chungu, utoboe matundu chini, matatu au manne. Chombo kisicho na matundu ni kaburi la dungusi. Weka kokoto chini. Changanya udongo wa shambani na mchanga mwingi wa mtoni, nusu kwa nusu, na ukipenda tia vipande vya mkaa. Mbolea ya samadi mbichi usiweke. Mchanga wa pwani wenye chumvi nao haufai usipooshwa kwanza.

Kipande cha kupanda kikate kwenye kiungo, kwa kisu safi. Hapa watu wengi hukosea: hukikata asubuhi wakakipanda jioni, na baada ya wiki mbili kimeoza. Kiweke kivulini, mahali pakavu, wiki moja au mbili, mpaka jeraha lifanye kigaga. Kisha kisimamishe katika udongo mkavu, kiingie vidole viwili tu, ukiegemeze kwa mawe kisianguke. Usikipe maji kwa siku saba au kumi. Baada ya hapo maji kidogo. Mizizi ikishashika, ukikitikisa polepole utakiona kimekaa imara.

Kunywesha ni hivi. Ingiza kijiti katika udongo mpaka chini. Kikitoka na unyevu, uache. Kikitoka kikavu kabisa, mwagia maji mpaka yatoke matunduni, kisha uuache tena hadi ukauke. Wakati wa jua kali yaweza kuwa kila baada ya siku kumi au wiki mbili. Miezi ya baridi, hasa kwa watu wa milimani, mara moja kwa mwezi yatosha, pengine hata hiyo ni nyingi. Masika uuingize chini ya upenu. Ukiona mmea umenywea na kufanya mikunjo, una kiu, nao utapona upesi. Ukiona umelegea chini, umekuwa wa kahawia na kunuka, umeoza: kata juu ya uozo mpaka uone nyama safi, paka unga wa mkaa, ukaushe, ukapande upya. Kile cha chini hakitapona.

Mwanga utake wote unaopatikana. Dungusi iliyofichwa ndani hurefuka ikawa nyembamba, imeinama kuelekea dirishani kama mtu anayechungulia. Lakini usiitoe gizani ukaiweka juani saa sita mchana siku hiyo hiyo, itaungua ngozi. Izoeze kwa jua la asubuhi siku kadhaa.

Ukiona pamba nyeupe juu ya ngozi ya mpungate, usidhani ni ukungu. Iponde kwa kijiti: ikitoa rangi nyekundu kama damu, ni vidudu vinavyonyonya maji ya mmea. Watu wa Meksiko tangu zamani walivifuga kwa ajili ya rangi hiyo, nayo ikauzwa Ulaya kwa bei kubwa. Kwako wewe, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia baada ya wiki. Vidudu hivi tutavikuta tena.

Neno juu ya miiba. Miiba mirefu huonekana, haina hila. Mibaya ni ile midogo kama nywele, iliyo kwenye vivimbe vya mpungate. Ukiigusa kidogo tu huingia kwa makumi. Ukihamisha mmea, ushike kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa (likisha kusomwa na watu wote nyumbani, tafadhali). Ikikuchoma, usisugue wala usinyonye kwa mdomo, maana itahamia ulimini. Toa kwa kibano, na ile isiyoonekana paka gundi nyembamba, iache ikauke, kisha uibandue. Kwa sababu hiyo mimi sioni vema kuupanda mpungate penye pango mahali watoto wanapopiga magoti. Uwekwe nyuma, juu ya mawe, au aina ya mviringo isiyo na vinywele hivyo itumike badala yake.

Sasa tuje kwenye vipande. Mpungate ukikua sana hupogolewa, na mwenye nyumba huvitupa vipande nje ya ua, au jalalani, au kwenye korongo ili vizuie mmomonyoko. Kila kipande kinachogusa ardhi huota mizizi. Hakihitaji kupandwa, hakihitaji mvua.

Mwaka 1839, huko Australia, mche mmoja wa mpungate ndani ya chungu ulichukuliwa kutoka Sydney hadi mahali paitwapo Scone, ukapandwa katika bustani ya shamba la mifugo. Msimamizi wa shamba akauona mzuri, akaupanda na malishoni, uwe akiba ya ng'ombe wakati wa ukame. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kama ambavyo yeyote kati yetu angefikiri. Ndege wakala matunda wakasambaza mbegu, mafuriko yakachukua vipande. Kufika miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umeenea katika hekta kama milioni 24, yaani eneo karibu sawa na nchi nzima ya Uganda. Wakulima walikata, wakachoma, wakamwaga sumu, hatimaye wengi wakaacha nyumba zao wakahama. Kilichowaokoa ni kiwavi wa nondo mmoja kutoka Argentina, aliyeletwa mwaka 1925 na kufunguliwa mashambani mwaka uliofuata. Katika miaka michache akautafuna sehemu kubwa. Watu wa Boonarga walijenga ukumbi mwaka 1936 wakaupa jina la mdudu huyo.

Msiseme Australia ni mbali. Katika Laikipia, Kenya, mpungate uliletwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya ua na mapambo. Leo umefunika sehemu kubwa za malisho ya wafugaji. Tembo na nyani hula matunda na kubeba mbegu. Mbuzi akikosa nyasi hula tunda, vile vimiiba hujichoma katika midomo, ulimi na utumbo, hata asiweze kula tena; wengine hupofuka. Kwa jamaa ambayo ada ya shule na posho ya nyumbani vyatoka zizini, hebu fikiri maana yake. Akina mama wa huko wamejitahidi kufanya jamu na sharubati kwa matunda yake, na katika miaka ya 2010 vililetwa vile vidudu vya pamba nyeupe ili viudhoofishe.

Hata hivyo si haki kuuita mmea huu adui kila mahali. Kusini mwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, watu wa Androy waliutegemea kwa matunda, kwa ua wa nyumba, na kwa vipande vya kunywesha ng'ombe wakati wa kiangazi. Mwaka 1924 vidudu vya jamii ile ile vilifikishwa kisiwani, na kabla miaka ya 1920 haijaisha mpungate ulikuwa umekauka karibu wote. Ukame ulipokuja watu na ng'ombe wao wakafa kwa njaa. Uzuri au ubaya wake wategemea mahali ulipo na watu wanaoishi hapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu ni nchi kavu ya mifugo, ushauri wangu ni kuchagua dungusi ya mviringo kwa ajili ya kopo lako na kuuacha mpungate kabisa. Kama tayari unao, uweke katika chombo, usiushushe ardhini. Maua yakianza kugeuka matunda, yachume kabla hayajaiva mekundu, ukiwa na koleo au kitambaa kinene. Vipande ulivyopogoa usivitupe hai: vikatekate, vianike juu ya mwamba au bati, mahali visipogusa udongo, na mbuzi wasipofika. Vyaweza kukaa wiki nyingi bado vina uhai, kwa hiyo usiwe na haraka. Vikikauka mpaka vinavunjika kama gome, vichome pamoja na takataka. Mwenye vipande vichache avitumbukize katika shimo la choo, pamoja na maganda na mbegu za matunda waliyokula watoto.