Mkanda mweusi na afya ya goti lako

Watu wengi wakisikia taekwondo hufikiria mateke ya juu na mapigano ya ulingoni. Lakini mchezo huu wa Wakorea una upande mwingine usio na mpinzani. Ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ambayo mwanafunzi huifanya peke yake, akizuia, akipiga na kugeuka kana kwamba amezungukwa na maadui. Wakorea huuita pumse. Wiki hii tuziangalie pumse za mkanda mweusi, kwa kuwa zinaujenga mwili vizuri sana zikifundishwa kwa subira, na zinauumiza zikifundishwa kwa pupa.

Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo yaliyofunguliwa mjini Seoul mwaka 1972, ina pumse nane za mikanda ya rangi na tisa za mkanda mweusi. Mwenye dani ya kwanza hujifunza Koryo, yenye miondoko 30. Wa dani ya pili hujifunza Keumgang, yenye miondoko 27, na wa dani ya tatu hujifunza Taebaek, yenye miondoko 26. Kwa kanuni zao, kutoka dani ya kwanza kwenda ya pili ni mwaka mmoja, kwenda ya tatu ni miaka miwili, na kwenda ya nne ni miaka mitatu. Jumla ni miaka sita kwa uchache.

Huenda ukauliza, kwa nini mtu akae mwaka mzima na miondoko 30 ambayo kijana mwepesi huikariri kwa wiki moja? Jibu ni kwamba kichwa hushika haraka kuliko mwili. Misuli huchukua wiki kadhaa kupata nguvu, na kano zinazoishikilia misuli kwenye mifupa huchelewa zaidi. Mwalimu anayempitisha mwanafunzi pumse baada ya pumse ili apate cheti hukipa kichwa kazi ambayo viungo havijawa tayari kuibeba.

Faida yake mwilini

Chukua mfano wa Keumgang. Jina hilo ni la mlima maarufu wa Korea, na pia lina maana ya almasi. Ndani yake hamna teke hata moja. Mwanafunzi husimama kwa mguu mmoja kama korongo, mguu wa pili ameukunja karibu na goti, mkono mmoja juu ya paji la uso na mwingine chini, tena polepole. Hapo macho, sikio la ndani na mishipa ya fahamu ya viungo hufanya kazi pamoja ili asiyumbe, na misuli midogo ya kifundo cha mguu hupata nguvu.

Uwezo huo wa kusimama imara ndio unaopungua tunapozeeka, na ndiyo sababu wazee huanguka na kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na ya nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Si ajabu basi kwamba katika mashindano ya dunia ya pumse, yaliyoanza Seoul mwaka 2006, watu waliopita miaka 60 nao hushindana.

Madhara yanapoingilia

Hatari kubwa iko kwenye kugeuka. Mguu mtupu hunata kwenye mkeka. Kiuno kikizunguka huku unyayo umeganda, msokoto wote huishia gotini, na hapo gegedu au kano za ndani huweza kuchanika. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kuinua kisigino kidogo, ageukie sehemu ya mbele ya unyayo, na goti lielekee kule viliko vidole. Katika mkao wa kupanda farasi, magoti yasiangukie ndani.

Kwa watoto kuna jambo la ziada. Mifupa yao bado inakua, na baadhi yao, hasa wa miaka 10 hadi 15, hupata maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti kwa sababu ya kuruka na kupiga mateke mno. Mtoto akilalamika hivyo asiambiwe ni mvivu. Apunguziwe mazoezi, na maumivu yakiendelea apelekwe kituo cha afya.

Kwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu, asibane pumzi katika ile miondoko ya polepole yenye kukaza mwili, maana kufanya hivyo hupandisha shinikizo ghafla. Atoe pumzi kila anapokaza, na apate ushauri wa daktari kabla ya kuanza.

Usafi nao usisahaulike. Mkeka unaokanyagwa na miguu mingi mitupu hueneza fangasi wa vidole. Mkeka usafishwe kwa dawa na ukaushwe. Nawe kausha katikati ya vidole baada ya kuoga na baada ya kutawadha, kabla ya kuvaa soksi.

Goti likiumia

Goti lililosokotwa likivimba ndani ya saa chache, huenda damu imevujia ndani. Acha mazoezi, funga barafu kwenye kitambaa uweke dakika 15 hadi 20, zungushia bendeji isiyobana mno, na uinue mguu. Usikubali kuchuliwa wala kukandwa kwa maji ya moto katika siku mbili za mwanzo, maana uvimbe utazidi. Ukishindwa kukanyaga, au goti likikwama lisinyooke, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu mzazi, kabla hujamlipia mwanao ada, kaa ukumbini jioni moja utazame. Je, wanapasha mwili moto angalau dakika kumi? Je, mwalimu husimamisha darasa ili kurekebisha unyayo wa mwanafunzi mmoja? Muulize pia wanafunzi wake hukaa na Koryo kwa muda gani. Akijibu kuwa ni mwezi mmoja, tafuta mwalimu mwingine.