UDONGO WA CHINI YA MILIMA: NEEMA INAYOTAKA KUTUNZWA



Katika baraza zetu za hapa Dubai, mazungumzo yakishapita habari za kazi, ada za skuli na nauli za likizo, aghalabu huishia kwenye ardhi ya nyumbani. Huyu ameletewa habari na mjomba wake kwamba kuna ekari ishirini zinauzwa chini ya milima, majani ni tele na ng'ombe wananenepa. Yule ameambiwa na ami yake kwamba bei ni ya kindugu lakini haingoji. Basi akiba ya miaka kumi ya jasho hutumwa kwa siku moja, na mnunuzi hajauliza swali lililo la msingi kuliko yote: udongo wake ukoje?

Makala haya yanakusudia kueleza sifa za udongo unaosifiwa sana na wafugaji na wakulima, yaani udongo tifutifu wenye kina kirefu na usiotuamisha maji, unaopatikana kwenye nyanda za malisho zilizo chini ya vilima. Tutaeleza pia namna ya kuutambua, na namna unavyopotea.

UDONGO TIFUTIFU NI UPI?

Udongo wote umeundwa kwa chembe za namna tatu. Kuna mchanga, ambao jicho huuona na kidole huuhisi. Kuna chembe za kati, laini mithili ya unga. Na kuna mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo hata hazifiki sehemu mbili za elfu moja za milimita. Mchanga peke yake hupitisha maji upesi na kuyapoteza. Mfinyanzi peke yake huyazuia maji, nao ukikauka hupasuka. Tifutifu ni mchanganyiko wa namna zote tatu. Mfano wake mzuri ni mchanga asilimia 40, chembe za kati asilimia 40 na mfinyanzi asilimia 20. Hupitisha maji ya ziada na kuyashika yanayohitajiwa.

Wenzetu wa Unguja wanazo hekima zao za zamani katika jambo hili. Wao hutofautisha kichanga na kinongo, kinamo na uwanda, na kila mkulima anajua kwamba mkarafuu haupandwi penye uwanda, ambako jiwe liko karibu na jembe. Mtaalamu hutumia vipimo, na mkulima hutumia kiganja na uzoefu, lakini wote wawili wanazungumzia jambo moja.

KINA NI GHALA LA MAJI

Udongo huhesabiwa kuwa na kina kirefu ikiwa mizizi inaweza kushuka mita moja au zaidi kabla ya kukuta mwamba. Faida yake ni hii: tifutifu inaweza kuweka takriban milimita 150 za maji yanayofaa kunywewa na mimea katika kila mita moja ya kina. Ukiwa na sentimita 30 tu za udongo juu ya mwamba, ghala lako ni la milimita 45 hivi. Mvua ikikatika, mwenye ghala dogo huona majani yake yamenyauka mapema, ilhali jirani yake mwenye udongo wa kina bado analisha. Mvua iliyowanyeshea wawili hao ni moja. Waliyotofautiana ni ardhi iliyoipokea.

Sifa ya tatu ni kutotuamisha maji, nayo hutambulikana kwa rangi. Chuma kilichomo ndani ya udongo kikipata hewa hushika kutu, na udongo ukawa mwekundu au wa kahawia. Mahali maji yanaposimama muda mrefu, hewa hukosekana, na udongo huwa wa kijivu au wenye madoa. Kwa hiyo shimo lenye rangi nyekundu au kahawia kutoka juu hadi chini ni habari njema.

KWA NINI CHINI YA VILIMA?

Juu ya kilima mvua huosha, na mwamba hubaki karibu na uso. Chini kabisa, bondeni, maji hukusanyika, na ndiko iliko mbuga ya udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kati ya hayo mawili, kwenye miteremko ya chini iliyo ya taratibu, ndipo udongo ulioteremshwa kidogo kidogo kwa karne nyingi unapotua na kurundikana, na maji bado yana njia ya kutokea.

Mpangilio huu ulielezwa kitaalamu katika nchi yetu wenyewe. Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, aliona kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa utaratibu ule ule kutoka kileleni hadi bondeni, kama pete za mnyororo mmoja. Akaupa utaratibu huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na jina hilo hutumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote hadi leo.

KISA CHA KONDOA

Ama udongo ulioletwa na maji, maji yaweza pia kuuchukua. Ushahidi uko Kondoa, mkoa wa Dodoma, katika vilima vya Irangi. Watafiti wameonyesha kwamba mmomonyoko wa huko una historia ndefu sana, lakini katika karne ya 20 ulizidi kiasi. Watu na mifugo waliongezeka, misitu ikakatwa, na miteremko ikalimwa na kulishwa bila kupumzishwa. Udongo wa juu ukaenda na maji, makorongo marefu yakachimbika, na mchanga ukafukia mashamba ya mabondeni. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuzuia kwa amri na kazi za lazima, na watu hawakuzipenda.

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Matuta ya kukinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kula kila kilichoota. Hatimaye, mwaka 1979, ikaamriwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakahamishwa.

Tusiisome habari hii kwa wepesi. Kwa Mrangi, ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mbolea ya shamba, mahari ya kijana na akiba ya siku ya dhiki. Kuna waliowapeleka mifugo kwa jamaa wa nyanda za jirani, na kuna waliohama nao. Mzigo ukapungua vilimani na kuongezeka kwingine. Hata hivyo, ardhi ilijibu: majani na vichaka vilirudi, na makorongo mengi yakaanza kutulia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ufugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa, wanaolishwa zizini kwa majani yaliyokatwa, ulianza kuruhusiwa.

Funzo lake ni zito. Sentimita moja ya udongo huchukua mamia ya miaka kuumbika, nayo yaweza kuondoka kwa masika machache. Majani yanaweza kurudi katika umri wa mtu mmoja. Udongo uliokwenda haurudi.

HAPA TULIPO

Hata huku ugenini somo hili linaonekana. Tukienda Hatta pamoja na watoto, tutazame milima ya Hajar inavyomwaga mawe yake: makubwa karibu na mlima, kokoto mbele yake, na chembe laini mbali zaidi, mahali mafuriko ya wadi yanapopoteza nguvu. Ndiyo sababu uwanda wa Digdaga, Ras al-Khaimah, ulichaguliwa katika miaka ya 1950 kuwa mahali pa kituo cha majaribio ya kilimo, ilhali sehemu kubwa ya nchi hii ni mchanga mtupu. Aidha, hapa Dubai kuna Jumba la Makumbusho ya Udongo la Emirati, lililofunguliwa mwaka 2016 katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo yenye chumvi.

KABLA YA KUTUMA FEDHA

Mwombe ndugu unayemwamini, asiye na fungu katika mauzo, akufanyie haya:

Kwanza, achimbe mashimo matatu, juu, katikati na chini ya mteremko, kila moja lifike mita moja na nusu au mpaka jembe lishindwe. Aandike kina na rangi.

Pili, alowanishe udongo kidogo na kuusukuma kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoa utepe mfupi usiozidi sentimita mbili na nusu kisha ukakatika, yamkini ni tifutifu. Utepe mrefu unaong'aa ni mfinyanzi. Usiotoa utepe kabisa ni mchanga.

Tatu, ajaze shimo dogo maji, ayaache yanywe, kisha alijaze tena na kupima. Maji yakishuka sentimita mbili na nusu hadi saba kwa saa, hali ni nzuri. Yakisimama mpaka kesho, hapo pana mbuga.

Nne, atembee. Mizizi ya miti iliyo wazi, vijiwe vilivyobaki juu ya vichuguu vya udongo, njia za ng'ombe zilizogeuka mifereji: hizi ni dalili kwamba udongo umekwisha anza safari.

Tano, aulize serikali ya kijiji kuhusu mipaka, njia za mifugo na haki za majirani. Wenye uraia wa nchi nyingine wakumbuke kwamba Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, ilipotungwa, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Na aliyekwisha nunua asikate tamaa. Idadi ya mifugo ipimwe kwa majani ya kiangazi, kamwe isipimwe kwa majani ya masika. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho wakati wa mvua ili yaliwe wakati wa ukame. Ilihuishwa Shinyanga kuanzia mwaka 1986 na maelfu ya hekta zikapona. Matuta yafuate usawa wa mteremko, na sehemu moja ya shamba ipumzike kila msimu.

Ndugu zetu, tunaoishi mbali hununua ardhi kwa ajili ya watoto ambao pengine hawajaiona. Basi tuwarithishe pamoja na hati udongo wenyewe, kwani hati ya shamba lililobaki mwamba ni karatasi tu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe.