Spea rahisi za ekseli: Mwenye gari Kwale ajihadhari na nini?

KUTOKA ufuo wa Diani hadi mji wa Kwale ni mwendo mfupi, lakini ni mwendo unaolitia gari majaribuni. Safari huanzia kwenye mchanga na hewa ya chumvi, huingia barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, kisha hupinda Kombani na kuanza kupanda vilima vya Shimba, ambavyo vilele vyake hufikia takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari.

Anayeendelea mbele hadi Kinango, au anayeingia njia za udongo ndani ya Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills, hukutana na mawe, mashimo na, nyakati za masika, tope linaloshika magurudumu.

Magari kama Land Cruiser, Land Rover, Hilux na Jimny yaliundwa kwa ajili ya njia za aina hiyo. Hata hivyo, gari likishatumika miaka mingi, haliepuki kubadilishwa vipuri vya ekseli. Hapo ndipo mwenye gari, awe ni wa utalii Diani au mkulima wa Msambweni, anapokabiliwa na swali gumu dukani: je, anunue spea halisi ya kiwanda, au ile ya bei nafuu inayofanana nayo kama shilingi kwa ya pili?

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini katika suala la ekseli haitoshi. Zipo spea za bei nafuu zinazodumu, na zipo zinazouzwa ghali ilhali ni ghushi. La muhimu zaidi ni kujua kazi ya kipuri chenyewe, na litakalotokea iwapo kitavunjika gari likiwa mwendoni.

Mzigo wa shafti

Injini hutoa nguvu ya kusokota. Kabla ya kufika gurudumuni, nguvu hiyo huzidishwa na giaboksi, kisha na gia nzito ya porini, na hatimaye na difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli.

Tuchukue mfano wa injini yenye nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 280. Ikiwa gia ya kwanza huzidisha mara 4, gia ya porini mara 2.5 na difu mara 4, nguvu inayofika kwenye ekseli huweza kukaribia nyutoni-mita 11,200.

Kwa kawaida nguvu hiyo hugawanywa baina ya shafti zote. Lakini katika gari ambalo difu zake zimefungwa, gurudumu moja likishika mwamba huku mengine yakining'inia, sehemu kubwa ya mzigo huangukia shafti moja. Hali kadhalika, gurudumu linalozunguka ovyo topeni na kushika jiwe ghafla hupiga shafti pigo kubwa kuliko mvuto wa kawaida.

Ili kuhimili mapigo hayo, shafti bora hufuliwa kwa chuma kilichochanganywa na madini kama vile kromiamu na molibdeni. Kisha huchomwa kwa namna ambayo ngozi yake ya nje huwa ngumu, ilhali moyo wake hubaki na unyumbufu.

Kiwanda kinachotaka kupunguza gharama huweza kutumia chuma cha kawaida, au kuchoma ngozi ya shafti kwa kina kidogo mno. Shafti laini kupita kiasi hujisokota, na meno yake yakapinda. Iliyo ngumu kupita kiasi hukatika kama kigae. Zote mbili, zikiwa zimepangwa rafuni dukani, hung'aa sawasawa na ile iliyo bora.

Unene nao si jambo dogo. Uwezo wa shafti kustahimili msokoto hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Kwa hivyo shafti ya milimita 30 ina takriban asilimia 82 tu ya nguvu ya shafti ya milimita 32 iliyotengenezwa kwa chuma hicho hicho. Milimita mbili ambazo jicho halizioni huondoa karibu moja ya tano ya uwezo wake.

Ekseli za aina mbili

Hatari ya shafti kukatika hailingani katika magari yote.

Katika aina ya kwanza ya ekseli ya nyuma, uzito wa gari hubebwa na kitovu cha gurudumu, ambacho huzunguka kwa beringi juu ya bomba la ekseli. Shafti hupita ndani na kazi yake ni kuzungusha tu. Ndivyo zilivyo Land Rover Defender na Land Cruiser nyingi za kazi za mfululizo wa 70. Shafti ikikatika, gari hupoteza mvuto, lakini gurudumu hubaki mahali pake.

Land Rover za zamani zilijulikana kwa kukata shafti za nyuma, na wasafiri wengi wa masafa marefu walibeba za akiba. Dereva aliyejua kazi yake aliweza kuondoa vipande vilivyovunjika na kurudi nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele.

Katika aina ya pili, shafti hiyo hiyo huzungusha gurudumu na pia hubeba uzito wa gari. Hilux, Prado na Jimny nyingi zina ekseli ya nyuma ya namna hii. Shafti ikikatika karibu na gurudumu, au beringi na pete inayoibana zikiachia, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na dramu yake ya breki. Katika mteremko wa kutoka Kwale kwenda Kombani, hilo ni suala la uhai na mauti.

Mwenye gari anaweza kuzitofautisha bila kufungua chochote. Gurudumu la nyuma ambalo katikati yake kumechomoza kitovu chenye duara la bolti ndogo, kwa kawaida, ni la aina ya kwanza. Lililo bapa katikati ni la aina ya pili.

Halisi, mbadala na ghushi

Sokoni, spea mpya hugawika katika mafungu matatu ambayo wanunuzi wengi huyachanganya.

Fungu la kwanza ni spea halisi, zinazouzwa katika pakiti ya kampuni iliyounda gari. La pili ni spea mbadala, zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa majina yao wenyewe. Baadhi ya viwanda hivyo ndivyo huwauzia waundaji wa magari. Kampuni za beringi kama NSK, NTN na SKF ni mfano. Kununua beringi ya kampuni hizo nje ya pakiti ya muundaji wa gari ni njia halali ya kuokoa fedha.

Fungu la tatu ni ghushi: bidhaa ya kiwanda kisichojulikana iliyobandikwa jina la mwingine. Hii ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa mnunuzi hulipa akiamini amepata kilicho bora. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 inaharamisha biashara hiyo, nacho Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa.

Aidha, kuna spea zilizotumika zinazoletwa kutoka ng'ambo, hasa Japani. Shafti halisi iliyotumika, ambayo meno yake hayajapinda wala kulika, huweza kuwa salama kuliko mpya isiyojulikana asili yake. Lakini haina dhamana, na chuma kilichochoka huweza kuficha ufa mwembamba.

Chumvi na maji

Katika Pwani Kusini, beringi na sili huharibika hata gari lisipopanda mlima. Sili ni mpira mdogo unaozuia oili kutoka na maji kuingia. Ikitengenezwa kwa mpira duni, mdomo wake hukauka na kupasuka upesi.

Hatari huzidi gari linapovuka mto baada ya safari ndefu. Difu iliyopata moto ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili mbovu. Oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, na beringi huanza kuliwa na kutu. Maji ya bahari ni mabaya zaidi.

Katika hali hiyo, sili ya bei ya chini huweza kuua beringi ya bei ya juu. Kuokoa fedha kwenye kipuri kidogo zaidi ndiko mara nyingi huleta hasara kubwa zaidi.

La kufanya kabla ya kununua

Kwanza, nenda dukani na kipuri cha zamani. Linganisha urefu, idadi ya meno na kipenyo kwa kifaa cha kupimia milimita, si kwa macho.

Pili, pitisha tupa polepole penye meno ya shafti. Ngozi iliyochomwa vyema huifanya tupa iteleze, lakini ikikwaruza kwa urahisi, chuma hicho ni laini. Jaribio hili halionyeshi ubora wa moyo wa shafti, ila hubaini udanganyifu ulio dhahiri.

Tatu, kagua maandishi. Jina na nambari kwenye beringi yenyewe zilingane na zilizo kwenye pakiti. Dai risiti yenye jina la duka na nambari ya kipuri, kwani bila hiyo ni vigumu kudai haki yako.

Nne, usikubali shafti iliyokatika kuunganishwa kwa kuchomelea. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu uliowekwa kiwandani, na shafti hiyo hukatika tena kando ya kiungo.

Tano, mchague fundi kwa uangalifu. Beringi bora iliyofungwa kwa mikono yenye mchanga, au kukazwa kupita kiasi, hufa mapema kuliko ya kawaida iliyofungwa ipasavyo.

Isitoshe, si busara kukimbilia shafti ngumu kuliko zote. Shafti ya kawaida ikikatika, huweza kuiokoa difu, ambayo ni ghali zaidi kuitengeneza. Anayeweka shafti za chuma kigumu pamoja na matairi makubwa huhamishia mzigo huo kwenye gia.

Kwa hivyo, mwenye fedha kidogo aanze kuzitumia panapobeba uhai. Taa, kioo cha pembeni au kifuniko cha matope vinaweza kuwa vya bei yoyote. Beringi na sili za magurudumu, na shafti ya ekseli inayobeba uzito wa gari, zisinunuliwe bila kujulikana nani alizitengeneza. Iwapo bei ya kipuri cha namna hiyo haifikiki, ni heri gari lilale nyumbani hadi zipatikane fedha, kuliko gurudumu litangulie mbele ya abiria mteremkoni.