Lebo ya Kiondo Chenu: Kupaka Rangi kwa Picha



Akina mama fulani wasuka vyondo walitujia hapa Woodley wakiwa na malalamiko. Walikuwa wamelipia lebo, na lebo ilikuwa maridadi kweli, lakini kiondo kilichochorwa pale hakikuwa chao. Msuko wake ulikuwa umetolewa kwenye intaneti. Mnunuzi akatazama lebo, akatazama kiondo, akauliza, "Mama, hiki ndicho kile?" Wakakosa la kusema.

Basi tukakaa nao alasiri moja, na simu moja na kompyuta moja, tukaichora upya.

Kila kitu kina ngozi yake: mabati yana kutu na mikunjo, katani ina nyuzi. Ngozi hiyo unaweza kuipiga picha, halafu ukaitumia badala ya rangi. Unapopitisha brashi, panatokea msuko. Programu tuliyotumia ni GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu huko California, Spencer Kimball na Peter Mattis, na haiuzwi, ni bure.

Kazi kubwa ni picha yenyewe. Pigeni kivulini au siku ya mawingu. Sisi tulianza na jua la saa kumi, kila uzi ukatupa kivuli upande mmoja, na tulipopaka, kiondo kikafanana na ngazi! Tukarudia. Kwa kuwa kiondo ni cha duara, mama mmoja aliingiza ubao ndani ili upande unyooke, na simu ikashikwa wima mbele yake.

Tulitembea pia hadi soko la Toi kutafuta kutu ya mabati kwa ajili ya maandishi. Mwenye kibanda aliombwa kwanza. Muuza mitumba mmoja alikataa nguo zake zisipigwe picha, tukamwacha. Hata angekubali, maua ya kitambaa yana aliyeyachora, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda michoro na picha za watu. Ile picha ya intaneti nayo ilikuwa na mwenyewe.

Kwenye kompyuta, chagueni kipande cha mraba cha picha na kukinakili. GIMP hukiweka kwenye orodha yake ya mapambo. Chukueni chombo chenye alama ya muhuri, kielekezeni kwenye pambo hilo, kisha pakeni juu ya tabaka jipya. Kipande kikirudiwa, mstari huonekana pale kingo zinapokutana. Kwenye menyu ya vichujio ipo amri ya kuziunganisha, itumieni kabla ya kupaka.

Vivuli vya mchoro mtaweka wenyewe, kwenye tabaka lingine. Tulisahau hilo, na kiondo kikatoka bapa kama mkeka.

Katika picha yetu kulikuwa na uzi ulioruka mstari. Kijana wa kompyuta akataka kuufuta. Msukaji akasema, "Wacha, mwanangu. Huo ndio mkono wangu."

Kwa lebo ya upana wa sentimita 10, picha iwe na nukta kama 1,200 kwa upana, la sivyo itatoka na ukungu. Na chapeni moja kwanza. Yetu iling'aa kwenye kioo lakini karatasini ikawa nyeusi kama makaa, tukaongeza mwanga mara mbili ndipo akina mama wakakubali iende kwa mchapaji.